Mguu kifundo: usikatishe matibabu ya mtoto

Mama, kama mtoto wako amezaliwa na unyayo uliopinda kwa ndani, hukukosea kitu. Hali hii huitwa mguu kifundo, na huwapata takribani mtoto 1 kati ya 1,000. Haitokani na kurogwa wala na jembe uliloshika ukiwa mjamzito. Kumkanda kwa mafuta hakuunyooshi mguu. Matibabu yapo.

Uende wapi?
Anzia zahanati ya karibu, uombe rufaa. Dar es Salaam, matibabu yanapatikana CCBRT, Msasani, na Taasisi ya Mifupa MOI, Muhimbili. Mpeleke katika wiki za kwanza, mwili wake ukiwa bado laini. Akichelewa mpeleke hivyohivyo, ingawa anaweza kuhitaji upasuaji mkubwa zaidi.

Atafanyiwa nini?
• Kila wiki mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono, kisha hufungwa hogo. Mara nyingi huwa mara 5 hadi 7.
• Watoto wengi hufanyiwa upasuaji mdogo: kano ya kisigino hukatwa kwa ganzi, kisha hogo la mwisho hukaa wiki 3. Kano huunga yenyewe.
• Baadaye huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kibao: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala hadi miaka 4 au 5.

Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, mrudishe siku hiyohiyo.

Kama mnategemea shamba
Wengi hukwama kwenye viatu. Mguu umenyooka, masika yamefika, kila mtu yuko shambani, viatu vinabaki chini ya kitanda. Mguu hurudi kupinda, na kazi inaanza upya.

Kwa hiyo pangeni mapema. Ukitoka Mkuranga au Kisarawe, tafuta ndugu wa kukupokea Mbagala au Gongo la Mboto wakati wa hogo za kila wiki. Mfundishe bibi au dada anayebaki na mtoto jinsi ya kumvalisha. Mshirikishe baba, maana nauli ni ya kila wiki. Ukikwama kwa gharama, usikae kimya nyumbani: muone afisa ustawi wa jamii hospitalini. Sera ya afya inawasamehe watoto chini ya miaka 5 gharama katika vituo vya serikali.

Vumilia viatu, mama. Hivyo ndivyo vinavyolinda mguu ulionyooshwa.