Kuzuru Texas majani yanapopukutika

MGENI anayenuia kuzuru jimbo la Texas, Marekani, kati ya Septemba na Novemba hana budi kuukadiria kwanza ukubwa wake. Jimbo hilo, lenye eneo la takriban kilomita mraba 695,000, linaizidi Kenya. Kulivuka kwa barabara kuu ya I-10 ni safari ya takriban kilomita 1,400; heri achague sehemu moja au mbili.

Mwezi Septemba joto huwa lingali kali, na msimu wa vimbunga pwani humalizika Novemba 30. Wapenzi wa majani mekundu huelekea Lost Maples kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba. Mbuga ya Big Bend, iliyo mpakani na Mexico, nayo huvutia wengi hali ya hewa inapopoa. Hata hivyo, huko vituo vya petroli ni haba. Mgeni ajaze tangi na kubeba maji ya kutosha.

Mkenya atahitaji viza, hivyo aiombe mapema. Akiendesha gari, asisahau kwamba huko hupitia upande wa kulia.