Mgeni Atalala kwa Nani?

Kijana mmoja, mwenyeji wa Gorong'a katika pande za Tarime na Serengeti mkoani Mara, alipokuwa akijiandaa kwenda Quanzhou, mji wa kale wa kusini mwa China, alikuja kuniuliza swali alilodhani kuwa ni dogo: je, afikie wapi? Alikuwa ameambiwa ya kwamba aweza kupanga chumba katika nyumba ya kale ndani ya mji wenyewe, au kukaa katika hoteli mpya nje yake, au kufikia kwa mtu. Yeye alitaka kujua lililo jepesi. Nilimjibu kwamba swali lake si dogo wala si jipya, maana msafiri mmoja aliyepita katika pwani yetu kabla ya kusimulia habari za mji huo huo aliliandikia majibu karibu miaka 700 iliyopita. Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi. Hili ni refu kidogo, nami naliandika kwa kuwa naona ya kwamba sisi tusomao historia ya pwani tumezoea kuisoma habari hiyo nusu yake tu.

Msafiri huyo ni Ibn Battuta wa Tangier, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, kisha akashuka hata Mombasa na Kilwa. Asemavyo, jahazi lilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walilikabili kwa vyombo vidogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimpa sahani yake mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ndiye mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakufikia penginepo ila kwa mwenyeji wake, isipokuwa awe ni mtu aliyezoea kuja mara kwa mara na kujuana na watu. Huyo aliweza kukaa apendapo. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizotaka.

Hapa ndipo walimu wengi hukomea. Husema, tazameni ukarimu wa watu wa pwani. Na wanafunzi huandika neno ukarimu katika madaftari yao. Lakini Ibn Battuta hakukomea hapo. Aliongeza ya kwamba mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akiuziana naye pasipo mwenyeji kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Kwa hiyo sahani ile iliyofunikwa ilikuwa na mambo mawili ndani yake. Lilikuwamo tunzo, kwa maana mgeni asiyejua bei wala mizani alipata mtu wa kumtetea. Na yalikuwamo mamlaka, kwa maana mgeni hakuweza tena kwenda sokoni peke yake. Aliyekula sahani alikuwa amekwisha kuchagua wakili, naye hajatia mguu nchi kavu.

Tusione ajabu. Mfanyabiashara wa zama zile hakuja kulala usiku mmoja. Alikuja na pepo za kaskazi, na hakuweza kurudi ila kwa kusi. Miezi yote iliyokuwa katikati ilimpasa kuwa na mahali pa kuweka nafsi yake na mali yake. Pasipo benki wala mahakama ya kumjua mtu wa mbali, dhamana ilikuwa ni mtu, na mtu ana nyumba. Nyumba zenyewe zashuhudia jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu kilikuwamo chumba kiitwacho sabule, chumba cha wageni, kilichowekwa karibu na mlango au juu kwa ngazi yake, ili mgeni aingie na kutoka asipite katika misana na ndani, walikokaa wenye nyumba. Fundi aliyejenga hivyo alikuwa amelielewa tatizo lote: mgeni awe karibu kiasi cha kulindwa na kuangaliwa, awe mbali kiasi cha kutoivuruga nyumba.

Na Ibn Battuta mwenyewe alilala wapi? Kijana mmoja alipomkabili kwa sahani, wenzake walimwambia kwamba mtu huyu si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni. Mara kijana akapiga kelele kuwaambia wenziwe ya kwamba huyu ni mgeni wa kadhi. Kadhi akaja pwani pamoja na wanafunzi wake, akamchukua kwenda kujulikana kwa sultani kabla ya kumwonyesha malazi, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa desturi kwa wanachuoni. Kisha kwa amri ya sultani akapelekwa katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi, nayo imetandikwa mazulia. Akaletewa wali kwa samli, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Basi twaona kwamba swali la kwanza aliloulizwa mgeni lilikuwa ni shughuli yake. Mali ilikwenda kwa mwenye mizani, na elimu ilikwenda kwa mwenye vitabu.

Sasa twende China. Quanzhou ndio mji ambao Waarabu waliuita Zaitun, na Ibn Battuta autaja kuwa bandari yake ya kwanza huko, katika miaka ya 1340. Wako wanazuoni wanaotia shaka kwamba alifika sehemu zote za China alizozitaja. Na kitabu chake kilimalizika mwaka 1355, kwa mkono wa mwandishi Ibn Juzayy, safari zenyewe zikiwa zimekwisha. Lakini hata kama baadhi ya maneno hayo aliyasikia kwa wengine, yamebeba habari tunayoihitaji. Asema kwamba mfanyabiashara Mwislamu afikapo katika mji wa China hupewa hiari: akae kwa Mwislamu mwenzake aliyekwisha kutulia pale, au akae katika funduki, yaani nyumba ya wasafiri. Akichagua kukaa kwa mtu, mali yake huhesabiwa na kuwekwa katika dhamana ya mwenyeji, naye humtumilia mgeni kwa haki. Siku ya kuondoka mali huhesabiwa tena, na kilichopotea hulipwa na mwenyeji. Akichagua funduki, mali huwekwa kwa mwangalizi wake. Tena, katika nyumba za wasafiri zilizokuwa njiani, afisa na karani wake walikuja baada ya kuchwa jua wakaandika majina ya wote waliolala, wakatia muhuri na kufunga mlango. Na asubuhi wakamwita kila mtu kwa jina lake. Ndiyo maana, asema, mtu aliweza kusafiri peke yake miezi 9 akiwa na mali nyingi pasipo hofu.

Tofauti ya bandari hizi mbili ni kubwa. Mogadishu dhamana ilikuwa katika ujirani, na China ilikuwa katika daftari la dola. Lakini bei yake ilikuwa moja: mgeni alipata usalama kwa kutoa sehemu ya uhuru wake.

Dhamana ilipovunjika, miji yote ilipata hasara. Huko Quanzhou, tangu mwaka 1357 hata 1366, askari wa asili ya Uajemi waliasi na kuutawala mji. Uasi ulipozimwa wageni wengi waliuawa, na bandari haikurudi katika ukubwa wake. Kwetu, mwaka 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida waliingia Kilwa na Mombasa kwa mizinga. Hao hawakungoja sahani. Walijichagulia malazi yao wenyewe, na huko Kilwa walijenga ngome ya kukaa.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yamepita. Kwa sheria ya China iliyoanza kutumika mwaka 2013, hoteli humwandikisha mgeni wa nchi za nje, na akifikia kwa mtu hapana budi yeye au mwenyeji wake apeleke habari polisi katika muda wa saa 24. Kijana wa Gorong'a alipolisikia hilo alicheka, akasema ya kwamba hata kwao mgeni wa kulala hupelekwa kujulishwa kwa balozi wa nyumba kumi. Naye alisema kweli. Nyumba zetu za kulala wageni nazo zina kitabu chao, ambamo mtu huandika jina lake, atokako na aendako.

Lakini liko jambo moja ambalo Ibn Battuta hakuweza kuliona. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Quanzhou uliandikwa mwaka 2021, kwa mahali 22, pamoja na msikiti wa Qingjing uliojengwa mwaka 1009 na daraja la Luoyang la karne ya 11. Heshima hiyo yastahili. Hata hivyo huleta wageni, na wageni huleta kodi ya chumba, na kodi ya chumba humshawishi mwenye nyumba ahame ili sabule ienee nyumba nzima. Katika Mji Mkongwe nyumba nyingi za wafanyabiashara wa zamani leo ni hoteli. Kuta zimetengenezwa, milango imepakwa mafuta, zidaka zimepambwa; ila anayempokea mgeni pale ni mtumishi ambaye jioni hurudi kwake Ng'ambo. Mji wa namna hiyo umehifadhi malazi na kupoteza mwenyeji. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji aliyehama hana mahali pa kuponea.

Basi nilimwambia yule kijana hivi. Usiulize kwanza bei ya kitanda, wala umri wa boriti. Uliza shughuli yako ni ipi, kisha uliza katika nyumba hiyo ni nani atakayejua usiku kwamba hujarudi. Wewe ni mwanafunzi. Miezi ya kwanza kaa katika nyumba ya wanafunzi, kama mwenzako alivyokaa Mogadishu. Ukishajua maneno ya kununulia chakula, tafuta chumba kwa watu wakaao katika mji wa kale, ambao babu zao walikuwapo kabla ya orodha ya urithi, nawe ukubali masharti yao, hata saa ya kufunga mlango. Ukiona ni shida kukubali masharti, kumbuka kwamba hayo ndiyo sahani iliyofunikwa.

Ameniletea habari tangu afike. Yumo bado katika nyumba ya wanafunzi, na jina lake limeandikwa daftarini.