Kipande cha Ipogolo: Barabara Kuu ya TANZAM na Kitovu cha Mji wa Iringa

Historia ya barabara ya TANZAM imezoeleka kuandikwa kwa kutazama ncha zake mbili, yaani bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Zambia. Insha hii inachunguza kipande kifupi kinachoiacha barabara hiyo Ipogolo, ng'ambo ya bonde la Ruaha Mdogo, na kupanda kilima hadi katikati ya mji wa Iringa. Hoja yake ni kwamba kipande hicho ni matokeo ya maamuzi mawili ya zama tofauti, ambayo hayakukusudiwa kukutana.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kijeshi. Baada ya kuiteka Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, Oktoba 1894, Wajerumani chini ya Tom von Prince walianzisha kituo kipya mwaka 1896 juu ya uwanda unaolitazama bonde. Mahali palichaguliwa kwa kuwa palilindika kwa urahisi. Kufikika kwa magari hakukuwa hoja ya wakati ule. Katika enzi ya Waingereza, Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka Dodoma kuelekea Mbeya, ilipita mjini humo, na Iringa ikawa kituo cha safari.

Uamuzi wa pili ulitokana na siasa za ukombozi. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na njia ya Zambia kuelekea kusini ikawa mashakani. Mafuta yalisafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam katika barabara ya vumbi na matope. Bomba la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na kazi ya kuweka lami barabarani ikafuata. Kwa malori yaendayo Tunduma, kupanda hadi mjini Iringa kulikuwa mzunguko usio na faida. Njia kuu ikabaki bondeni, mji ukabaki kileleni. Reli ya TAZARA nayo ilipita mbali, kwa Mlimba na Makambako.

Ulinganisho na Ruaha Mbuyuni unaifafanua hoja hii. Baada ya daraja la Ruaha Mkuu, msafiri atokaye Morogoro hukuta barabara yenyewe ndiyo soko: vitunguu hupangwa kandokando yake, na gari likisimama biashara imeanza. Iringa, kwa upande wake, humtaka msafiri aliyekwisha kupanda Kitonga afanye uamuzi mwingine wa kupanda.

Athari zake zinaonekana katika kujengwa kwa stendi kuu ya mabasi Igumbilo, kando ya barabara kuu. Muda ambao basi halipotezi tena kilimani umegeuka kuwa nauli ya ziada ya daladala au bajaji kwa mgonjwa, mwanafunzi na mchuuzi mwenye mzigo. Gharama ya mlima haikuondoka; imehamishwa kutoka kwa mwenye basi hadi kwa abiria.

Kwa hiyo, historia ya miundombinu ya Nyanda za Juu Kusini haitakamilika kwa kuhesabu kilomita zilizowekwa lami pekee. Ni lazima iulize pia nani hulipia zile chache za mwisho.