Reli nyembamba za vita: Jinsi historia inavyojengwa upya juu ya meza

KUJENGA reli ndogo ya mfano juu ya meza ni shughuli ambayo wengi huiona kuwa mchezo wa watoto. Hata hivyo, modeli inayoonyesha kwa undani reli nyembamba za Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914-1918) hudai hesabu, subira na utafiti usiopungua ule wa mwanahistoria.

Reli nyembamba ni ile ambayo nafasi baina ya vyuma vyake viwili ni ndogo kuliko milimita 1,435, kipimo cha kawaida katika sehemu kubwa ya Ulaya. Zile zilizotandazwa nyuma ya mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa na nafasi ya milimita 600 pekee.

Asili yake ilikuwa shambani. Katika miaka ya 1870 Mfaransa Paul Decauville alianza kutengeneza vipande vya reli vilivyokwisha kuunganishwa na mataruma ya chuma, ambavyo wafanyakazi waliweza kuvibeba, kuvilaza chini na kuvihamisha upesi.

Afisa wa mizinga, Prosper Péchot, aliuboresha mfumo huo kwa matumizi ya kijeshi, na mwaka 1888 jeshi la Ufaransa likauidhinisha. Wajerumani nao walichagua upana huo huo wa milimita 600, wakaunda injini ya mvuke ya magurudumu manane ambayo zaidi ya 2,000 zilitengenezwa.

Waingereza walichelewa. Walitegemea farasi na malori hadi mapigano ya Somme ya mwaka 1916, ambapo barabara ziligeuka matope na shehena za makombora zikakwama. Mwaka huo huo Sir Eric Geddes, aliyekuwa mkuu katika kampuni ya reli kabla ya vita, alikabidhiwa usimamizi wa uchukuzi wa jeshi la Uingereza nchini Ufaransa. Kufikia Septemba 1917 reli nyembamba za jeshi hilo zilikuwa zikisafirisha zaidi ya tani 200,000 kwa wiki.

Mjenzi wa modeli hana budi kuuelewa mpangilio wa kazi ya reli hizo kabla ya kushika msumeno. Shehena zilifika kwa treni kubwa hadi kituo cha mwisho cha reli ya kawaida. Hapo zilipakuliwa na kuhamishiwa mabehewa madogo, yakavutwa kwa injini za mvuke hadi kilomita chache kutoka mstari wa mbele.

Kutoka hapo injini za mvuke hazikuthubutu kuendelea. Moshi wake mchana na mwanga wa tanuri usiku vingewafichulia wapiga mizinga wa adui mahali zilipo. Kazi ilichukuliwa na trekta ndogo za petroli zilizopita juu ya reli, aghalabu gizani. Hatua za mwisho mabehewa yalivutwa na nyumbu au kusukumwa na askari wenyewe.

Mpangilio huo unaipa modeli mandhari tatu tofauti: uwanja wa kuhamishia mizigo, kituo cha kubadilishia injini na eneo la mizinga. Wajenzi wenye uzoefu huchagua moja tu, maadamu anayetaka kuonyesha yote katika chumba kimoja huishia kuonyesha vipande visivyohusiana.

Uamuzi wa pili, nao ndio mgumu zaidi, ni kipimo. Reli za modeli zinazouzwa madukani zina upana maalumu, na mjenzi hulazimika kutafuta kipimo kitakacholandana na milimita 600 za reli halisi.

Reli ya modeli yenye upana wa milimita 9, ikitumiwa katika kipimo cha 1:76, huwakilisha reli ya milimita 684. Hiyo ni ziada ya milimita 84, kasoro ambayo wengi huivumilia kwa kuwa injini za kipimo hicho hupatikana zikiwa tayari, ikiwemo ile ya Baldwin inayotengenezwa na kampuni ya Bachmann.

Reli yenye upana wa milimita 16.5 katika kipimo cha 1:35 huwakilisha milimita 577.5, yaani pungufu ya milimita 22 na nusu. Kipimo cha 1:35 kina faida nyingine: ndicho kinachotumiwa na watengenezaji wengi wa modeli za kijeshi, na kwa hiyo askari, malori, farasi na mizinga hupatikana kwa urahisi.

Anayetaka usahihi zaidi huchagua reli ya milimita 14 katika kipimo cha 1:43.5, ambayo huwakilisha milimita 609. Gharama ya usahihi huo ni kwamba sehemu kubwa ya reli na magurudumu hutengenezwa kwa mkono.

Kipimo huamua pia ukubwa wa dunia itakayoonyeshwa. Meza yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 60 katika kipimo cha 1:35 ni sawa na kiwanja cha mita 84 kwa mita 21. Meza iyo hiyo katika kipimo cha 1:76 inatoa zaidi ya mita 182 kwa 45. Kwa upande mwingine, mtu wa sentimita 170 huwa na kimo cha milimita 49 katika kipimo cha kwanza na milimita 22 tu katika cha pili, na sura yake haionekani vyema.

Baada ya hesabu huja utafiti. Jumba la makumbusho ya vita la Imperial War Museum jijini London limehifadhi picha nyingi za reli hizo. Ramani za mahandaki zilizochapishwa na jeshi la Uingereza, nyingi zikiwa za kipimo cha 1:10,000, zimewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Taifa ya Scotland, na baadhi yake zinaonyesha reli nyembamba zilikopita.

Aidha, reli yenyewe haijatoweka kabisa. Kule Froissy, katika wilaya ya Somme, kipande cha njia iliyojengwa mwaka 1916 kwa ajili ya mapigano hayo kimehifadhiwa, na treni za mvuke hubeba wageni juu yake. Wajenzi huenda huko kupima, kupiga picha na kutazama rangi, kwa kuwa picha za wakati wa vita ni nyeusi na nyeupe.

Meza hujengwa kwa fremu ya mbao nyepesi iliyofunikwa kwa plaiwudi. Ni heri igawanywe vipande viwili au vitatu vinavyofungwa kwa boliti ili kupitika mlangoni. Uso wake usiwe bapa kabisa, kwani ardhi iliyopigwa makombora ilijaa mashimo na vilima. Kwa sababu hiyo reli huwekwa juu ya tabaka la kizibo au sponji ngumu, na ardhi ya pembeni hushushwa au kuinuliwa.

Katika kulaza reli, jambo la kukumbuka ni kwamba vipande vya Decauville vilikuja vikiwa vimeunganishwa kiwandani. Kipande cha mita 5 ni milimita 143 katika kipimo cha 1:35, na viungo vyake vinapaswa kuonekana kila baada ya umbali huo. Reli hizo zilifuata sura ya ardhi, zikapinda na kudidimia, hivyo njia iliyonyooka mno huonekana ya uongo.

Matope ndiyo mtihani mkubwa. Yale ya Flanders ni udongo mzito wa kijivu na hudhurungi, ilhali katika Somme makombora yalifukua chokaa nyeupe kutoka chini. Mchanganyiko wa plasta, gundi nyeupe ya mbao, udongo uliochekechwa na rangi hutoa sura inayofaa. Maji ya mashimoni huigwa kwa vanishi angavu inayomiminwa tabaka kwa tabaka, kila moja likiachwa likauke.

Hapa ndipo matakwa mawili hugongana. Macho yanataka reli iliyofunikwa matope, lakini injini ya modeli hupokea umeme wa volti 12 kupitia vyuma vya reli, na uchafu kidogo huisimamisha. Kwa hiyo matope huishia chini kidogo ya uso wa juu wa chuma, nao husuguliwa hadi ung'ae. Siku hizi, katika vipimo vikubwa, wengine huweka betri ndani ya injini na kuiendesha kwa redio, na tatizo hilo likaisha.

Vitu vidogo vidogo hutengenezwa kwa mkono. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni ikikandamizwa juu ya mistari huwa mabati. Magunia ya mchanga hufinyangwa kwa udongo na kugandamizwa kwa kitambaa ili yapate alama za nyuzi. Vijiti vikavu huwa miti iliyokatwa na makombora, na waya mwembamba huwa seng'enge.

Kuhusu injini, mjenzi wa mandhari ya Waingereza ana uteuzi mpana. Kampuni ya Hunslet ya Uingereza ilitengeneza injini 155 za mvuke, na Baldwin ya Marekani ikatengeneza 495 za muundo kama huo: magurudumu manne madogo mbele na sita makubwa ya kuvuta. Kwa kazi ya mstari wa mbele kuna trekta za petroli za Simplex za nguvu za farasi 20 na 40. Dereva wake aliketi ubavu ili aweze kutazama pande zote mbili za njia, na baadhi ya zile za nguvu 40 zilivikwa mabamba ya chuma.

Mwaka unaoonyeshwa ni lazima uheshimiwe. Kofia za chuma za Waingereza zilienea mwaka 1916, hivyo askari wa mapema 1915 wanapaswa kuvaa kofia za kitambaa. Vifaru havikuonekana vitani kabla ya Septemba 15, 1916. Wanajeshi wa Marekani, nchi iliyoingia vitani Aprili 1917, hawana nafasi katika mandhari ya Somme ya 1916.

Usahihi wa kofia, hata hivyo, haufai kitu ikiwa watu wenyewe wamesahaulika. Modeli nyingi hujaa askari wa Ulaya, ilhali jasho la uchukuzi katika vita hivyo lilimwagwa pia na watu wengine. Wachina takriban 95,000 walifanya kazi chini ya jeshi la Uingereza nchini Ufaransa. Zaidi ya Waafrika 20,000 kutoka Afrika Kusini walipelekwa huko kupakua meli, kukata miti na kuhudumia barabara na reli. Zaidi ya 600 kati ya waliokuwa safarini walikufa maji meli yao, SS Mendi, ilipozama Februari 21, 1917.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na reli zake za vita. Kuanzia mwaka 1915 Waingereza walijenga njia ya upana wa mita moja kutoka Voi kupitia Maktau, na mwaka 1916 ikavuka Taveta hadi kuungana na reli ya Wajerumani kule Kahe. Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma mwaka huo, walitandaza reli ya troli za kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo kuelekea Handeni.

Anayetamani kuijenga njia ya Voi anaweza kutumia reli ya modeli ya milimita 12 katika kipimo cha 1:87, ambayo huwakilisha milimita 1,044. Matope ya Flanders yatabadilishwa kwa vumbi jekundu na miiba ya Taru.

Lakini reli hiyo iliishia mahali, na kutoka hapo mizigo ilipanda vichwani mwa wapagazi wa Kariakoo, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Modeli inayoishia kwenye injini na behewa, bila safu ya wapagazi wanaongoja mwisho wa njia, itakuwa imepima kila kitu kwa milimita na kuacha nje walioubeba uzito wa vita.