Eti kambi ya Muscat ndiyo iliyoiua Simba?

  Joto limeanza kupungua, zamu za usiku zimekwisha mpaka mwezi ujao, kwa hiyo leo nimekaa na kikombe changu cha karak (ndiyo chai ya maziwa ya huku, tamu mpaka meno yanalia) niandike jambo nililowaahidi siku nyingi.

Kaka mkubwa, ambaye simtaji jina lakini mwenyewe anajijua, ana wimbo wake. Kila mwaka ikifika Julai, timu zikianza kutangaza kambi zitawekwa wapi na mechi za kirafiki zitachezwa na nani, yeye husema kambi za nje ni matembezi tu. Ushahidi wake ni mmoja: Januari 2013, Simba walikuja hapa Oman, Yanga wakaenda Uturuki. Yanga wakarudi wakabeba ubingwa, Simba wakarudi wakaporomoka. Eti walikuja kula halua, wakarudi wamelegea. Basi, kesi imekwisha.

Kaka, heshima yako iko palepale, lakini leo naifungua upya hiyo kesi. Mimi ndiye niliyepo Muscat, na halua naijua.

Kwa watoto wetu ambao mwaka ule mlikuwa chekechea, ngoja nianze nyuma kidogo. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0. Mkono mzima! Emmanuel Okwi alifunga mawili, na kati ya mengine yamo ya penalti, moja akipiga kipa wetu Juma Kaseja na nyingine Patrick Mafisango. Ubingwa wa msimu ule ukawa wa Msimbazi. Nilikuwa bado chuoni nasomea digrii ya uuguzi, na wenzangu wa Yanga pale hosteli walilala mapema sana siku ile, teh teh.

Kicheko hakikudumu. Siku 11 baadaye, alfajiri ya tarehe 17 Mei, Mafisango akafariki kwa ajali ya gari hapohapo Dar es Salaam. Kiungo yule wa Rwanda ndiye aliyekuwa akiiendesha timu katikati. Watu wanaozungumzia kushuka kwa Simba huruka ukurasa huu kama haupo. Mimi siwezi kuuruka. Timu iliyofiwa na mtu wa namna ile haiwi ileile msimu unaofuata, hata ungeipeleka kambi mbinguni.

Halafu Kelvin Yondani, beki wa kati, akahamia Jangwani. Mbuyu Twite, ambaye sisi tulikwisha kuhesabu ni wetu, naye akaonekana kavaa kijani na njano. Yanga wakachukua Kombe la Kagame Julai 2012 kwa kuifunga Azam 2-0 fainali, wakabadili kocha mapema msimu ulipoanza, akaja Mholanzi Ernie Brandts, na mzunguko wa kwanza wa ligi ukaisha wakiwa kileleni. Kaka, soma tena sentensi hiyo taratibu: kileleni, KABLA hawajapanda ndege kwenda Antalya.

Sasa ndiyo tufike Januari 2013. Ligi ilikuwa mapumzikoni, na mzunguko wa pili ulikuwa uanze mwishoni mwa mwezi. Yanga wakaenda Antalya, mji wa pwani kusini mwa Uturuki ambako timu nyingi za Ulaya hukimbilia baridi ya kwao ikizidi. Simba, chini ya kocha mpya Mfaransa, Patrick Liewig, aliyemrithi Mserbia Milovan Ćirković, wakaja Muscat.

Mnakumbuka mabishano yalivyokuwa? Vijiweni, kwenye daladala, kwenye foleni za maji. Watani wakatuambia sisi tumekwenda kwa wajomba kutembea, wao wamekwenda kwenye mpira. Na silaha yao kubwa ilikuwa ratiba: "Sisi tumetoka sare na Wajerumani, nyie mnacheza na Waarabu wa Oman." Wajerumani wenyewe walikuwa Arminia Bielefeld, matokeo 1-1. Klabu yenye historia, sikatai, lakini msimu ule ilikuwa daraja la tatu kwao, tena nayo ilikuwa mapumzikoni, inajipasha moto. Simwambii mtu kwamba mechi ile haikuwa na faida. Nasema tu kwamba sisi mashabiki tulilinganisha majina ya nchi, hakuna aliyeuliza mpinzani ni wa kiwango gani, amecheza na kikosi gani, na kocha alikuwa akitafuta kitu gani dakika zile 90. Wetu nao walicheza mechi zao za kirafiki na timu za hapa, na ubishi ukawa uleule, jina la nchi kwanza.

Na kuja Oman si jambo la ajabu kama linavyosemwa. Ndege kutoka Dar ni saa tano hivi tu. Ukitoka uwanja wa ndege, haipiti siku bila kukutana na mtu wa kukuuliza kwa Kiswahili cha Unguja, "Khabari za huko?" Wengi walikuja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Walirudi na Kiswahili chao, urojo wao, na mpira wao. Mpaka leo ukiingia baadhi ya nyumba hapa siku ya Simba na Yanga utadhani uko Kariakoo. Wachezaji wetu nao wamepita njia hiyohiyo: mwaka 2016 Danny Lyanga alitoka Simba akaja Fanja, klabu ya mji ulio njiani ukienda Nizwa, na Elias Maguri akaenda Dhofar, kule Salalah. Kwa hiyo timu ya Dar kuja kuweka kambi mahali ambapo mpishi, dereva na daktari wanaweza kuelewana na mchezaji bila mkalimani, mimi naona ni akili.

Hapa sasa niruhusuni nivae gauni langu la kazini, maana kuna jambo moja kwenye mabishano yale ambalo sikusikia likisemwa, na ndilo lenye uzito kuliko majina ya Wajerumani.

Januari Muscat ni wakati wa raha. Mchana nyuzi joto 25 hivi, usiku zinashuka mpaka 17 au chini kidogo, na hewa si ile ya Dar ya kukuloanisha. (Julai ni mambo mengine, mkija Julai mtaiva kama mkate wa kumimina.) Antalya mwezi huohuo ni baridi zaidi, mchana 15, usiku sita au saba. Dar Februari mnaijua wenyewe: 32 na unyevu juu yake, jasho linatoka lakini halikauki. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Damu inakimbizwa kwenye ngozi kwenda kutoa joto, misuli inapungukiwa, na moyo unapiga mbio kwa kazi ileile ambayo mahali pa ubaridi ungeifanya kwa utulivu.

Mwili ukiishi na kufanya mazoezi kwenye joto, unajifunza. Kiasi cha maji kwenye damu kinaongezeka, jasho linaanza mapema na linapoteza chumvi kidogo. Sehemu kubwa ya kujifunza huko inapatikana wiki ya kwanza, na inakamilika kwa siku 10 hadi 14. Ila ukitoka kwenye joto mwili unasahau, kidogokidogo kila siku, na wiki tatu au nne zikipita umebaki na kidogo sana. Tunayaona haya hata kwa vibarua wa ujenzi hapa, aliyetoka likizo milimani kwao anarudi Juni na siku ya tatu analetwa kwetu kazimia, wakati mwenzake ambaye hakuondoka yuko juu ya jengo anapiga nondo.

Kwa hiyo timu zote mbili zilitoka kwenye joto zikaenda kwenye ubaridi, zikarudi kwenye joto. Kama ni hasara, waliokwenda Antalya wangeipata zaidi. Faida nazo zipo: kwenye ubaridi mchezaji anaweza kukimbia zaidi kwa siku bila kuchoka vibaya, analala vizuri, anakula kwa saa, hana shemeji wa kumpigia simu aende msibani au harusini. Kambi za Ulaya zinapendwa kwa sababu hizo. Lakini siku zenyewe zilikuwa chache, haikufika hata mwezi kwa timu yoyote kati ya hizo mbili. Siku chache hivyo hazijengi pumzi mpya ya msimu mzima. Zinanoa kilichopo.

Na kilichopo kwa Simba kilikuwa kinapungua. Januari hiyohiyo Okwi akauzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Mtu aliyefunga mawili katika ule mkono! Kocha mgeni amekuja kuijenga timu, na mshambuliaji wake bora anaondoka katikati ya maandalizi. Pesa zenyewe zikageuka kesi ndefu mpaka FIFA, maana Watunisia hawakulipa. Kama mnatafuta kilichoiumiza Simba mwezi ule, mimi ningeangalia ofisini kabla ya kuangalia sinia la halua.

Tarehe 17 Februari Recreativo do Libolo ya Angola ikaja Dar kwenye Ligi ya Mabingwa, ikashinda 1-0. Marudiano kule kwao ikawa 4-0. Hapo ndipo maneno ya Oman yalipoota mizizi, na kwa kweli ilitia uchungu. Ila Libolo hawakuishia kwetu. Walifika hatua ya makundi, yaani timu nane za mwisho Afrika nzima mwaka ule. Hilo halisemwi kijiweni. Mwisho wa ligi Yanga bingwa, Azam ya pili, sisi wa tatu, na tarehe 18 Mei wakatumalizia 2-0 kwa magoli ya Didier Kavumbagu na Hamis Kiiza. Walistahili. Nimesema, nimeandika, kaka unaweza kuichapisha ukaiweka sebuleni.

Lakini tuendelee na hesabu, usiishie pale panapokupendeza. Januari 2014 Yanga walirudi Uturuki tena. Ubingwa ukaenda wapi? Azam, bila kufungwa mechi hata moja. Mwaka 2018 Simba nao wakaenda Uturuki, wakafika robo fainali ya Afrika msimu huo, kila mtu akasema kambi ndiyo hiyo. Mwaka 2019 wakaenda Afrika Kusini, wakatolewa Agosti na UD Songo ya Msumbiji kwenye raundi ya kwanza kabisa, watu wakasema kambi mbovu, kisha timu ileile ikachukua ubingwa wa ligi. Mwaka 2023 Simba Uturuki, Yanga wakabaki zao Avic Town, Kigamboni. Agosti Simba tukawafunga kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii kule Tanga, tukatamba. Tarehe 5 Novemba tukafungwa 5-1. Sasa niambieni kambi ya Uturuki ilikuwa nzuri au mbaya?

Kuna mzee mmoja hapa Al Khuwair, mzaliwa wa Unguja, aliyeondoka huko akiwa kijana. Nikimwuliza habari za kambi ile ya 2013 hazungumzii matokeo kabisa. Anachokumbuka ni kusikia vijana wakigombezana uwanjani kwa Kiswahili, "Rudi nyuma wewe! Acha ubinafsi!", na yeye amesimama pembeni na kanzu yake anacheka peke yake. Nilipomwuliza Simba walikosea nini akajibu bila kufikiri, "Walipungukiwa na mfungaji, mwanangu." Na yeye ni Yanga!

Okwi mwenyewe, kabla mwaka 2013 haujaisha, alikuwa amekwisha kusaini timu nyingine ya Dar es Salaam. Yanga. Hapo, kaka, nakuachia ucheke mpaka ushibe.

Mama nitampigia Ijumaa mchana. Wale mnaoagiza udi, sijasahau.