Mwenye Shamba wa Kizimbani

Mwanafunzi akiulizwa ni nani aliyeleta mkarafuu Unguja, mara nyingi hujibu kwamba ni Seyyid Said. Jibu hilo lina asili yake, kwani mtawala huyo ndiye aliyeueneza mmea huo katika visiwa vyetu. Lakini alipofika Unguja kwa mara ya kwanza, mwaka 1828, mikarafuu ilikuwa imekwisha kumea Mtoni na Kizimbani, tena katika mashamba ya mtu mwingine. Mtu huyo ni Saleh bin Haramil Al-Abri. Twataka kueleza habari zake, na hasa habari za urithi wa mashamba yale baada yake, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo jibu la mwanafunzi huyafunika.

Waabri ni watu wa bara ya Oman, wenye mji wa Al-Hamra chini ya milima. Saleh mwenyewe alizaliwa Maskati yapata mwaka 1770, akavuka bahari kuja Unguja angali kijana. Siku hizo Wafaransa walikuwa wakija pwani yetu kununua watumwa wa kupeleka katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, yaani Morisi na Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Saleh alifuatana na Mfaransa mmoja aliyeitwa Sausse, akasafiri naye hadi visiwa hivyo. Huko aliukuta mkarafuu.

Mti huu asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliulinda kwa wivu mkubwa ili biashara ya karafuu isiwatoke mikononi. Mnamo mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kupata miche na mbegu kwa siri na kuzifikisha Morisi. Si kazi ndogo hata kidogo. Mbegu ya mkarafuu haiwekwi akiba kama mahindi au kunde, ikikauka hufa. Kwa hiyo aliyetaka kuusafirisha alilazimika kuchukua mbegu mbichi na kwenda kwa haraka, au kubeba miche katika udongo wake na kuitunza njia nzima. Hivyo tusimdhanie Saleh kuwa mtu aliyetia mbegu mfukoni kwa bahati. Alijua alitakalo. Waandishi wengine hutaja mwaka 1812, wengine 1818. Lakini Mfaransa Albrand alipozuru Unguja mwaka 1819 aliiona mikarafuu iliyokwisha kuwa mirefu, na mti huu haukui kwa mwaka mmoja. Sisi twaona mwaka 1812 unakaribia zaidi ukweli.

Sasa tufike penye kiini cha habari yenyewe. Saleh alikuwa tajiri na mkubwa wa kundi lenye nguvu Unguja, na mtawala mwenye hadhari hampendi mtu wa namna hiyo. Mwaka 1822 Seyyid Said alikuwa ametia sahihi mkataba na Waingereza, ule unaojulikana kwa jina la Kapteni Moresby, uliokataza kuwauzia watumwa Wakristo. Saleh alishtakiwa kwamba aliuvunja kwa kuendelea kuwauzia Wafaransa, na kwa sababu hiyo mashamba yake ya Mtoni na Kizimbani yalichukuliwa yakawa mali ya Seyyid.

Na tutazame jambo hili kwa makini. Mtu alinyang'anywa mali kwa kosa la kuuza watumwa, na mali hiyo ikaendelea kulimwa na watumwa. Sheria iliyotajwa kuwa imevunjwa haikumfungua hata mmoja wao. Walibadilishiwa bwana tu. Mwaka 1835 daktari Mmarekani Ruschenberger alipotembelea Kizimbani alikuta mikarafuu ipatayo 4,000, na mwenyeji wake alikuwa Seyyid.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Seyyid aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, la sivyo wanyang'anywe ardhi. Misitu ikafyekwa. Anayeisifu amri hiyo kuwa ni busara ya uchumi akumbuke ni mikono ya nani iliyofyeka. Karafuu huchumwa kishada kwa kishada kabla ua halijafunguka, kisha huchambuliwa kutoka kwenye makonyo yake na kuanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa, na mvua ikinyesha lazima ziokotwe upesi. Yote hayo ni kazi ya mkono. Maelfu ya watu waliotolewa Nyasa na bara nyinginezo waliletwa kwa ajili yake. Walifanya kazi siku tano, na siku mbili za Alhamisi na Ijumaa wakajilimia chakula chao.

Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 alikuwa na mashamba 45, nayo yakagawanywa kwa wanawe. Mmoja wao, Binti Salme, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, aliishi kwa muda Kizimbani. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete. Aliporudi mwaka 1885 kudai urithi wake, ndugu yake Sultani Barghash alikataa. Basi, kama vile Al-Abri alivyoondolewa na Al-Busaidi, ndivyo binti wa Al-Busaidi alivyoondolewa na nduguye. Hati ya kumiliki shamba katika nchi ile ilikuwa ridhaa ya aliyekaa barazani.

Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikatangulia. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kukomesha hali ya utumwa. Fidia ilikusudiwa kwa wenye watumwa. Mtumwa mwenyewe alitakiwa aende mahakamani kuomba uhuru wake, na aliyeonekana hana makao aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Ardhi ikabaki pale pale ilipokuwa, ingawa wenyewe wengi walizidi kuzama katika madeni. Mwezi wa Machi 1964, baada ya Mapinduzi, ardhi yote ilifanywa kuwa mali ya Serikali, na kuanzia mwaka uliofuata wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Miongoni mwao walikuwamo wajukuu na vitukuu wa wale waliofyeka misitu.

Kizimbani leo pana kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo. Wageni wanaofika huko huonyeshwa pia magofu ya hamamu ya Seyyid Said. Ardhi inayoyazunguka ndiyo ile ile ambayo watumwa wa Saleh bin Haramil waliifukia miche iliyotoka Bourbon.