Kupe, Papasi na Homa Zao

Mzazi wa Bunju au Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, akimkuta kupe amemganda mwanawe kwapani, siku hizi kabla ya kumwita jirani anashika simu. Humo anakutana na ugonjwa wa Lyme: doa jekundu linalotanuka kwenye ngozi, magoti kuvimba, uso kupooza upande mmoja. Usiku huo hapati usingizi.

Lyme ni mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Katikati ya miaka ya 1970 watoto wengi kuliko kawaida waliugua viungo katika eneo hilo, na ugonjwa ukachukua jina la mji. Mwaka 1982 mtafiti Willy Burgdorfer na wenzake walieleza bakteria waliyemkuta ndani ya kupe, naye akaitwa Borrelia burgdorferi. Wanaomsambaza ni kupe wa jamii ya Ixodes, wakazi wa misitu na nyasi za nchi za baridi. Kupe wa kahawia anayejazana masikioni mwa mbwa wetu wa Tegeta na Mbagala ni wa jamii nyingine kabisa, wala hahesabiwi miongoni mwa wanaoeneza Lyme. Kwa hiyo istilahi ya Kiswahili hapa ni rahisi: ugonjwa wa Lyme, basi. Jina la mji halitafsiriwi. Kuuita homa ya kupe kungeleta fujo, maana jina hilo tunalihitaji kwa homa nyingine, ile ya bakteria wa jamii ya riketsia, ambayo kupe wa Afrika huiambukiza kweli na mara nyingi huacha kidonda chenye gamba jeusi pale alipouma. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa mji naye ana neno lake, ndigana kali. Huo ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe; unaua ndama, binadamu haumpati.

Hata hivyo Tanzania ina ugonjwa ulio ndugu wa Lyme, na Kiswahili kina jina lake tangu zamani: homa ya papasi, kwa jina la mdudu anayeieneza. Bakteria wake, Borrelia duttonii, ana jina la Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hii Kongo na kufa Kasongo Februari 1905. Mwaka huohuo daktari Mjerumani Robert Koch aliichunguza huku kwetu, kwenye njia za misafara zilizotoka Dar es Salaam kwenda bara, akaona bakteria hao hata ndani ya mayai ya papasi. Maana yake papasi anaweza kuzaliwa na ugonjwa tayari, hajamnyonya mgonjwa yeyote.

Kiingereza humwita kupe na papasi kwa neno moja, na hapo ndipo mfasiri mzembe anapoteleza. Kupe ana gamba gumu, hukaa majanini au kwa mnyama, akishika haachi kwa siku kadhaa. Papasi ana ngozi laini iliyokunjamana. Hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta, hutoka usiku, hunyonya kwa dakika chache na kurudi mafichoni kabla aliyelala hajajua. Bila chakula anaweza kuishi miaka. Enzi za Ujamaa mnyonyaji aliitwa kupe, na waliochagua neno hilo walimjua mdudu: kupe huonekana akinyonya mchana kweupe. Papasi angefaa kwa mwizi wa aina nyingine.

Tofauti hiyo ina uzito kwenye kinga. Ushauri wa Lyme ni kukagua mwili na kumwondoa kupe mapema, kwa kuwa bakteria wa Lyme kwa kawaida huhitaji zaidi ya siku nzima kuingia mwilini. Kwa papasi ushauri huo haufai kitu; asubuhi ukijikagua, ameshaondoka. Kinachosaidia ni sakafu ya saruji, kuziba nyufa, kupulizia dawa, na kitanda kilichoinuka. Mvumi, mkoani Dodoma, ambako homa hii imewaumiza sana watoto wadogo na wajawazito, kupulizia nyumba dawa kulipunguza wagonjwa walio chini ya miaka mitano.

Wataalamu wangeweza kuiita homa ya kurudiarudia, na sababu wanayo: homa hupanda siku chache, hushuka, kisha baada ya wiki hivi hurudi, kwa kuwa bakteria hubadilisha protini za ganda lake na kinga ya mwili hulazimika kuanza upya. Lakini malaria nayo hurudi, na ipo homa ya namna hiyohiyo inayoletwa na chawa. Homa ya papasi ni jina bora. Linamwambia mgonjwa akatazame sakafu yake.

Kwa kupe wa nyumbani, tumia kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Mafuta ya taa na kiberiti viache jikoni, na usimpasue kwa kucha.

Na ukirudi Dar es Salaam kutoka kijijini, ulikolala kwenye nyumba ya udongo, homa ikakushika na kipimo cha haraka kikasema huna malaria, usiridhike. Kipimo hicho hutafuta malaria tu. Mweleze daktari ulikolala, na umwombe damu yako isomwe kwa hadubini, maana bakteria wa papasi huonekana kwenye kioo kilekile cha malaria, na antibaotiki za kawaida humuua.